Kutoka Lemon Grove hadi Tyler: Wazazi wa Kilatino na Nusu Karne ya Kudai Shule

Tarehe 5 Januari 1931, watoto wa Lemon Grove, karibu na San Diego katika jimbo la California, walirudi shuleni baada ya likizo ya Krismasi. Mlangoni walimkuta mwalimu mkuu, Jerome Green, amesimama akiwachambua. Watoto wa Kizungu aliwaruhusu kuingia. Watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, wapatao 75, aliwaambia kwamba hapo si mahali pao tena. Shule yao sasa ni jengo jipya la vyumba viwili lililojengwa kwenye mtaa wao, na vifaa vyao vimeshapelekwa huko. Watoto hawakwenda kwenye jengo hilo. Walirudi nyumbani. Wazazi wao walilipachika jina La Caballeriza, zizi la farasi, wakaapa kwamba hakuna mtoto wao atakayesomea zizini.

Historia ya kudai usawa wa elimu nchini Marekani kwa kawaida husimuliwa kuanzia mwaka 1954, Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku shule za ubaguzi katika kesi ya Brown. Hilo ni tukio kubwa na linastahili heshima yake. Lakini miaka 23 kabla yake, vibarua wa mashamba ya malimau walikwisha kuishtaki bodi ya shule na kushinda. Baada yao ikaja nusu karne ya mapambano ambamo kila kisingizio kilichoangushwa kiliacha nafasi kwa kingine: kwanza lugha, kisha usafi, kisha fedha, na mwisho karatasi za uhamiaji. Kila mara waliosimama kujibu walikuwa wazazi, wengi wao wasio na mali, na wengine wasio na hata kura.

Wazazi wa Lemon Grove walikuwa katika hali mbaya ya kuanzisha ugomvi na serikali. Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umeanza, kazi zilikuwa haba, na kote nchini ilikuwa ikiendeshwa kampeni ya kuwarudisha Wameksiko kwao. Mamia ya maelfu waliondolewa au kushinikizwa kuondoka, wakiwemo raia waliozaliwa Marekani. Katika hali hiyo, mtu aliyepaza sauti angeweza kupoteza kibarua au kujikuta mpakani. Hata hivyo walikusanyika, wakaunda kamati ya majirani, Comité de Vecinos de Lemon Grove, na kuwazuia watoto wote wasiende kwenye jengo lile. Mgomo ukashika. Balozi mdogo wa Meksiko huko San Diego, Enrique Ferreira, akawasaidia kupata mawakili.

Mdai katika kesi alikuwa Roberto Alvarez, mvulana wa miaka 12, hodari darasani, aliyezungumza Kiingereza bila shida. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Bodi ilidai kwamba watoto wale wametengwa kwa faida yao, wafundishwe Kiingereza na mila za Kimarekani, na huyu hapa alikuwa mtoto mzaliwa wa Marekani aliyekwisha kukijua Kiingereza, naye ametengwa vilevile. Jaji Claude Chambers aliamua kwamba sheria za California hazikuipa bodi mamlaka ya kuwatenga watoto wa Kimeksiko, na kwamba kuwaweka mbali na wenzao kungewacheleweshea hiyo hiyo lugha iliyodaiwa kuwa sababu. Watoto wakarudi katika shule yao.

Bodi haikukata rufaa. Kwa hiyo hukumu iliishia kijijini. Haikuzifunga wilaya nyingine za California, na kwa miaka mingi nje ya Lemon Grove hakuna aliyeikumbuka. Mwaka huohuo mbunge mmoja wa jimbo alijaribu hata kupitisha sheria ya kuruhusu watoto wa Kimeksiko watengwe kwa kuwahesabu kuwa Wahindi Wekundu. Muswada ulianguka, lakini shule za kutenga ziliendelea kustawi, hasa katika kaunti ya Orange, kusini mwa Los Angeles.

Huko ndiko familia ya Mendez ilikoingia katika historia. Gonzalo Mendez alizaliwa Chihuahua, Meksiko. Mkewe Felicitas alizaliwa Juncos, Puerto Rico. Walikuwa na baa ndogo katika mji wa Santa Ana na ndoto ya kupata shamba. Nafasi ilitokana na dhuluma iliyowafika wengine. Mwaka 1942 serikali iliwafungia Wamarekani wenye asili ya Japani kambini, na familia ya Munemitsu ya Westminster, iliyokuwa na shamba la ekari 40, ikapelekwa kambi ya Poston, Arizona. Akina Munemitsu hawakutaka kulipoteza shamba lao, wakalikodisha kwa akina Mendez. Vita vilipokwisha walirudi na kulikuta lipo.

Kule Westminster, shangazi wa watoto, Soledad Vidaurri, aliwachukua watoto wake na wa kaka yake kwenda kuwaandikisha katika shule ya karibu, 17th Street School. Watoto wa Vidaurri, wenye rangi nyeupe zaidi na jina lisilosikika kuwa la Kimeksiko, walikubaliwa. Sylvia Mendez na wadogo zake waliambiwa waende Hoover, shule ya watoto wa Kimeksiko, jengo duni jirani na malisho ya ng'ombe. Watoto wa ndugu wawili, waliofika pamoja siku ileile, waligawanywa kwa rangi ya ngozi na jina la ukoo. Bi Vidaurri akakataa kumwacha hata mmoja, akaondoka nao wote.

Gonzalo aliwaendea wakuu wa shule kwa maneno kwanza. Maneno yaliposhindwa, alimwajiri David Marcus, wakili wa Los Angeles ambaye muda mfupi kabla yake alikuwa ameshinda kesi ya Wameksiko waliozuiwa kutumia bwawa la umma la kuogelea huko San Bernardino. Marcus alishauri kesi isiwe ya familia moja. Ndipo Gonzalo akaanza kuzunguka kaunti nzima, kijiji kwa kijiji, akiwatafuta wazazi walio tayari kusimama mahakamani. Wengi waliogopa: mwajiri wao ndiye mwenye nyumba wanayoishi, na huenda pia ana sauti katika bodi ya shule. Aliyekubali kutoa ushahidi alilipwa na Gonzalo ujira wa siku aliyoikosa kazini. Wakati huo Felicitas ndiye aliyebaki akiendesha shamba, akisimamia vibarua na mavuno, kwa sababu kesi ilikuwa ikilipiwa na shamba lile.

Tarehe 2 Machi 1945 kesi ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles. Baba watano, Mendez, Guzman, Palomino, Estrada na Ramirez, walizishtaki wilaya nne za shule, Westminster, Garden Grove, El Modena na Santa Ana, kwa niaba ya watu wapatao 5,000 wenye asili ya Kimeksiko.

Wilaya zilijitetea kwamba zinatenga kwa lugha, wala si kwa asili. Utetezi huo uliporomoka ndani ya chumba cha mahakama. Mkuu wa shule za Garden Grove, James Kent, alieleza chini ya kiapo kwamba watoto wa Kimeksiko wako chini ya wenzao kwa usafi na kwa uwezo. Ikabainika pia kwamba hakukuwa na mtihani wa lugha wa maana. Makarani waliangalia jina na sura. Marcus akamsimamisha msichana wa miaka 14, naye akatoa ushahidi wake kwa Kiingereza safi. Wataalamu wa elimu na wa jamii wakaeleza jinsi mtoto aliyetengwa anavyojifunza kujidharau kabla hajajifunza kusoma.

Jaji Paul McCormick alitoa hukumu tarehe 18 Februari 1946. Alisema usawa wa elimu hautimii kwa kuwapa watoto vitabu na majengo yanayofanana huku wametengwa. Elimu ya umma inataka watoto wachanganyike. Wilaya zikakata rufaa, na kesi ya vibarua wa kaunti ya Orange ikawa jambo la nchi nzima. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliwasilisha hoja zake kikiwakilishwa na Thurgood Marshall pamoja na wenzake. Mashirika ya Wayahudi na ya Wamarekani wenye asili ya Japani nayo yakaunga mkono. Tarehe 14 Aprili 1947 majaji wote saba wa mahakama ya rufaa waliithibitisha hukumu. Miezi miwili baadaye Gavana Earl Warren akatia saini sheria iliyofuta vifungu vya California vilivyoruhusu shule za kutenga. Mwaka 1954 Warren huyohuyo, sasa akiwa Jaji Mkuu, ndiye aliyesoma hukumu ya Brown, na aliyesimama mbele yake kuwatetea watoto Weusi alikuwa Marshall.

Hata hivyo hukumu ya Mendez iliacha upenyo. Majaji wa rufaa walisimamia ukweli kwamba sheria ya California haikuwataja Wameksiko. Hawakuugusa msingi wenyewe wa kutenga. Huko Texas, kesi ya Delgado ya mwaka 1948, iliyoungwa mkono na LULAC, chama cha kutetea Walatino, ilipiga marufuku shule za kutenga lakini ikaruhusu darasa la kwanza peke yake liwe mbali kwa wasiojua Kiingereza. Bodi za shule ziliushika upenyo huo kwa mikono miwili. Katika wilaya ya Driscoll, watoto wa Kimeksiko walitumia miaka minne kumaliza madarasa mawili ya mwanzo. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1957, ilidhihirika kwamba mmoja wa watoto waliowekwa katika darasa la wasiojua Kiingereza hakuwa na lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Mahakama ikaamuru utaratibu huo ukome.

Wakati kesi zikiendelea, jamii haikukaa ikisubiri majaji. Mwaka huohuo wa 1957, Felix Tijerina, mwenye mikahawa huko Houston na rais wa LULAC, alianzisha katika mji mdogo wa Ganado darasa la kuwafundisha watoto wadogo maneno 400 ya Kiingereza kabla ya kuanza shule, ili wasikwame darasa la kwanza. Mwalimu wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 17, Isabel Verver. Mpango huo ulienea, na jimbo la Texas likaja kuugharimia.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, kizazi kilichozaliwa baada ya kesi ya Mendez kilikuwa sekondari, na kiligundua kwamba kuingia mlangoni si sawa na kufundishwa. Katika shule za mashariki mwa Los Angeles, watoto wa Kilatino waliacha masomo kwa wingi, walisukumwa kwenye kozi za ufundi, na waliadhibiwa kwa kuzungumza Kihispania. Mwezi Machi 1968 zaidi ya wanafunzi 10,000 waliyaacha madarasa yao wakatoka barabarani. Madai yao yaliandikwa kwa utaratibu: walimu na wakuu wa shule wa Kilatino, ufundishaji wa lugha mbili, historia ya Wameksiko katika mtaala, na mwisho wa adhabu za viboko. Viongozi 13, akiwemo Sal Castro, mwalimu wa shule ya sekondari ya Lincoln, walikamatwa na kushtakiwa kwa njama. Castro alipoondolewa darasani, wazazi na wafuasi wake walikwenda kukaa katika ofisi za bodi ya elimu, wakala na kulala humo, hadi akarudishwa. Mwaka 1970 mashtaka yakatupwa.

Katika Crystal City, Texas, mji wa wakulima wa mchicha, somo lilikuwa jingine. Wameksiko walikuwa wengi mno kuliko Wazungu, lakini bodi ya shule ilitawaliwa na Wazungu, na hata katika kundi la wasichana wanaoongoza shangwe michezoni, nafasi moja tu ilitengwa kwa Mmeksiko. Mwanafunzi Severita Lara na wenzake walipopeleka malalamiko wakapuuzwa, tarehe 9 Desemba 1969 walianza mgomo uliowaondoa darasani zaidi ya nusu ya wanafunzi wa mji. Wazazi waliwalinda, na walimu wa kujitolea wakaja kuwafundisha wakati wa likizo. Bodi ikasalimu amri mwezi Januari. Lakini wazazi hawakuishia hapo. Chini ya José Ángel Gutiérrez, kijana wa mji huo, waliunda chama cha siasa, Raza Unida, wakaandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, na kufikia Aprili 1970 wakawa wameshika wingi wa viti katika bodi ileile iliyowapuuza.

Kisingizio kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi, kwa kuwa hakikutaja rangi wala lugha. Kilikuwa fedha. Mwezi Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa Edgewood, upande wa magharibi wa San Antonio, waligoma kwa sababu ya majengo mabovu na walimu wasio na sifa. Wazazi walipochunguza wakaukuta mzizi wa tatizo. Shule za Texas zilitegemea kodi ya nyumba na ardhi ya wilaya yenyewe. Edgewood, wilaya ya Walatino maskini, ilijitoza kodi kwa kiwango cha dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali na kupata dola 26 tu kwa mwanafunzi. Alamo Heights, wilaya ya matajiri katika mji uleule, ilijitoza senti 85 na kupata dola 333. Maskini walijikamua zaidi na kuambulia kidogo zaidi.

Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kituo cha ndege za kijeshi cha Kelly na askari mstaafu, alikubali jina lake litangulie katika kesi. Mahakama ya chini iliwapa wazazi ushindi mwaka 1971. Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu iliufuta kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema elimu si haki ya msingi iliyotajwa na Katiba ya Marekani. Miongoni mwa wanne waliopinga alikuwa Thurgood Marshall, sasa akiwa jaji wa mahakama hiyo.

Wengi wangevunjika moyo. Watu wa Edgewood waliisoma upya ramani ya mapambano. Kama Katiba ya nchi haitaji elimu, katiba ya Texas inaitaja. Mwaka 1984 shirika la mawakili wa Kilatino, MALDEF, lilifungua kesi mpya katika mahakama za jimbo, na Rodriguez akawa tena miongoni mwa wadai. Oktoba 1989 majaji wote tisa wa mahakama ya juu ya Texas walikubali kwamba mfumo ule unavunja katiba ya jimbo. Ilikuwa miaka 21 tangu wanafunzi watoke madarasani. Watoto waliopiganiwa mwanzoni walikuwa watu wazima. Sheria ya mwaka 1993 ikaanza kuhamisha sehemu ya mapato ya wilaya tajiri kwenda kwa maskini.

Katikati ya safari hiyo ndefu ndipo yalipotokea ya Tyler, mji wa mashariki mwa Texas. Mwaka 1975 jimbo lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha kwa ajili ya watoto wasio na karatasi za uhamiaji. Mwaka 1977 wilaya ya Tyler ikadai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa namna hiyo, fedha ambazo kibarua wa mashamba ya mawaridi au wa kiwandani hakuweza hata kuziota. Familia nne zenye watoto 16 zilikubali kushtaki, zikijua kwamba kufika mahakamani ni kujitangaza kwa serikali inayoweza kuwafukuza nchini. Jaji William Wayne Justice aliwaruhusu watumie jina la kubuni na akapanga shauri alfajiri ili wasionekane. Walikuja na magari yaliyosheheni vyombo vyao, tayari kwa kufukuzwa siku hiyohiyo.

Hawakufukuzwa. Tarehe 15 Juni 1982, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba yanamlinda kila mtu aliye ndani ya jimbo, awe raia au asiwe, na kwamba mtoto haadhibiwi kwa uamuzi wa wazazi wake. Wapiga kura wa California walipopitisha mwaka 1994 hatua ya kuwafungia watoto hao shule, hukumu ya Tyler ndiyo iliyotumika kuizuia.

Matunda ya mapambano haya hayakubaki kwa Walatino peke yao. Mwaka 1981, katika kesi iliyofunguliwa na Roy Castañeda, mzazi wa Raymondville, Texas, mahakama ya rufaa iliweka vigezo vitatu vya kupima jinsi shule inavyomhudumia mtoto asiyejua Kiingereza: mpango uwe na msingi wa kitaalamu, utekelezwe kwa vifaa na walimu wa kutosha, na upimwe kama unazaa matunda. Vigezo hivyo havikuandikwa kwa ajili ya Kihispania tu. Mtoto wa Kikongo aliyefika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi akiwa na Kiswahili chake, akakuta shuleni mwalimu wa kumsaidia, anafaidi kazi ya mzazi huyo.

Marekebisho ya 14 yaliidhinishwa mwaka 1868. Maneno yake hayakuongezwa wala kupunguzwa kati ya siku watoto walipozuiwa Lemon Grove na siku ya hukumu ya Tyler. Kilichoongezeka ni watu walio tayari kuyadai, na kila walichokipata kimebaki salama pale tu wenyewe walipoendelea kukilinda. Hukumu ya Lemon Grove ilisahauliwa kwa kuwa haikupata warithi nje ya kijiji. Kesi ya Edgewood ilifufuka kwa kuwa wadai wake hawakutawanyika baada ya kushindwa. Leo wapo wanasiasa wanaotaka hukumu ya Tyler ifutwe, na kura moja ndiyo iliyoipitisha. Ulinzi wake hauwezi kuachiwa mawakili peke yao. Unahitaji wazazi wanaohudhuria vikao vya bodi, wanaouliza fedha zimekwenda wapi, wanaoandikisha majirani kupiga kura, na wanaomkumbuka yule ambaye hawezi kusimama kwa jina lake mwenyewe.